Bibi harusi, kabla hujapanda kayaki



Mdogo wangu alipoolewa Unguja hakutaka fungate ya hoteli ya ufukweni. "Bahari nimezaliwa nayo, dada," aliniambia. "Mimi nataka kuona viboko." Mimi nimeolewa huku Karagwe, nina duka langu la ushoni Kayanga, basi wakaja kwangu yeye na shemeji. Shemeji alishampata kijana wa kuwatembeza jioni kwa kayaki kwenye Mto Kagera, upande wa Kyerwa, na arubuni alishatuma. Mimi niliombwa nguo tu.

Nilianza na baibui. Nililizamisha kwenye beseni la maji, nikamwambia alinyanyue kwa mkono mmoja. Alicheka, halafu akanyamaza. Kitambaa kirefu kikilowa kinakuwa mzigo, na kinazunguka miguu. Nikamshonea suruali pana ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, yenye lastiki kifundoni, na juu yake kanzu ya kufika magotini yenye mpasuo pande mbili ili akae vizuri. Mtandio nikaushona uwe wa kuvaa kichwani moja kwa moja, bila pini, na ncha zake zinaingia ndani ya jaketi okozi. Rangi nilichagua ya udongo, maana wazoefu wa mbuga hukwepa nyeusi na bluu, ndizo zinazoita mbung'o. Stara imetimia, na mikono iko huru kupiga kasia.

Kisha nikauliza habari ya sala. Simu yake ilikuwa bado na saa za Unguja. Huku tuko magharibi zaidi, jua linachelewa kuzama kama nusu saa. Ukifuata adhana ya simu ya nyumbani utasali Magharibi kabla ya wakati wake, na ukiwa na saumu utafungua mapema. Badilisha mji kwenye simu kabla ya chochote. Kweli msafiri ana ruhusa ya kuunganisha Magharibi na Isha, lakini nilitaka kujua wakati huo watakuwa nchi kavu au katikati ya mto.

Hapo ndipo nikampigia yule kijana. Jaketi okozi ngapi? Mawili. Watu wangapi? Wanne. Na viboko? "Usiogope mama, wamezoea watu."

Kiboko hamzoei mtu aliyemzibia njia. Mchana anakaa majini, na jua likizama ndiyo saa yake ya kutoka kwenda kula majani. Jioni ile tunayoisifia kwa picha ndiyo saa anayopita. Na mamba naye yumo mto huo huo.

Nikamgeukia mdogo wangu, mumewe akiwa amekaa hapo hapo. "Kuogelea unajua?"

Alinikata jicho. Baadaye jikoni akalia. "Umeniaibisha, dada. Nilishamwambia najua." Msichana wa kisiwani, ataonaje haya kusema hajui maji? Lakini sisi wengi hatukufundishwa. Mama yetu, baada ya Spice Islander kuzama Septemba 2011, hakutaka hata tuloweshe miguu. Na huku Kagera nimekuta kina mama wenye hofu ile ile tangu MV Bukoba, Mei 1996. Hofu hiyo si aibu. Aibu inayoua ni ile ya kuificha mbele ya mtu anayekupeleka majini.

Alikwenda mwenyewe kumwambia mumewe. Sikusikia walichozungumza, mlango ulifungwa. Shemeji alitoka akapiga simu, akaahirisha. Nusu ya arubuni haikurudi. Alikasirika siku nzima, na mimi sikumlaumu, pesa ni pesa.

Kesho yake tulikwenda Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa, ile iliyoanzishwa 2019 kwenye kona ambapo Tanzania, Uganda na Rwanda zinakutana. Tulichukua vitambulisho, maana ng'ambo ya mto ni nchi nyingine. Askari wa hifadhi alitusimamisha ukingoni, mbali kidogo na maji. Viboko walikuwa wakipumua kama watu waliochoka. Mdogo wangu alivaa nguo zangu zote, na jaketi hakuna. Tuliondoka jua likiwa bado juu kidogo, tukasali Magharibi kwa wakati wake, kwenye nchi kavu.

Kwa hiyo, bibi harusi, kabla hujalipa uliza: kila mtu ana jaketi lake, na linamkaa akiwa amevaa nguo zake zote? Tunarudi saa ngapi? Nani anajua tulikokwenda? Na wewe jibu kweli ukiulizwa kama unajua kuogelea. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakukuvui jaketi.

Mdogo wangu sasa anauliza habari za mradi wa Panje kule Nungwi, unaofundisha wasichana kuogelea kwa mavazi ya stara. Shemeji ndiye aliyemwambia aanze. Akihitimu, nitamshonea nguo nyingine.

Allah awahifadhi nyote, nchi kavu na majini. Amin.