Bundi wa Ghala la Shule

Walimu wengi wakiandika katika kurasa kama hizi hueleza mambo waliyowafundisha watu. Mimi leo nitaeleza jambo nililolijua nisilifundishe, na hasara iliyotokea kwa sababu hiyo. Kisha nitaeleza jinsi nilivyofundishwa na mzee mmoja wa msituni, aliyekwenda shule miaka miwili tu.

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu katika kijiji kimoja chini ya milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Nyuma ya madarasa palikuwa na ghala, ndimo tulimoweka mahindi ya uji wa watoto. Darini mwa ghala lile walikaa bundi wawili, dume na jike, wale weupe wenye uso wa mfano wa moyo. Mchana walilala. Magharibi walitoka kimya kabisa, hata mtu aliyesimama chini yao hakusikia bawa. Baadaye wakapata makinda, nami nikawasikia wakikoroma darini kama watu wenye mafua.

Mwezi ule mtoto wa jirani akashikwa na homa kali. Usiku wa tatu bundi mmoja akatua juu ya paa la nyumba ile, akalia mlio wake ule wa kutisha, kama nguo inayopasuliwa. Kesho yake mtoto akafa. Tulipokwisha kuzika, wazee wanne walikuja kwangu.

Mmoja akaniuliza, “Mwalimu, wafuga nini ghalani?”

Nikasema, “Sifugi kitu, mzee. Ni ndege tu.”

Akasema, “Ndege! Mwenzako amezika mtoto, nawe wasema ndege tu?”

Ndugu zangu, hapo palikuwa mahali pa kusema. Nilikwisha kusoma chuoni kwamba bundi hula panya, wala hana uwezo wa kuleta kifo. Lakini niliona nyuso zao, nikaogopa kuitwa mtu asiye na huruma, au mtu mwenye sababu yake ya kuwatetea ndege wale. Nikanyamaza. Tena sikunyamaza tu, bali niliwapa ngazi ya shule, na waliponiomba mafuta ya taa, nikawapa. Wakawapiga wakubwa kwa fimbo, wakayachoma makinda mbele ya wanafunzi wangu. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akanitazama, aone kama nitasema neno. Sikusema. Macho ya mtoto yule nayakumbuka hata leo.

Mwaka uliofuata panya walizidi ghalani, wakatoboa magunia, uji wa watoto ukakatika kabla ya mavuno. Sisemi kwamba bundi wawili wangaliwamaliza panya wote. Nasema tu kwamba tuliwaua walinzi waliokuwa wakifanya kazi bila mshahara.

Mambo hayo nilikaa nayo miaka minane. Hata mwaka 2017, wakati wa likizo, nikapata nafasi ya kwenda Sigi, mahali msitu wa Amani unapoanzia chini ya mlima. Kutoka Muheza njia hupita kwanza katika michungwa na mashamba, kisha hupanda, hewa ikapoa. Sigi iko kiasi cha mita 450 juu ya bahari, na Amani yenyewe kiasi cha mita 900. Zamani za Wadachi reli ndogo ilitoka Tengeni ikafika Sigi kuchukua mbao, na nyumba ya msimamizi wa stesheni ingali ipo. Wadachi hao ndio walioanzisha mwaka 1902 chuo cha kuchunguza mimea na kilimo huko Amani, na bustani ya miti iliyoletwa kutoka nchi nyingi. Mwaka 1997 msitu ukafanywa hifadhi, eneo lake hekta 8,380.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee ambaye katika ujana wake alitega ndege kwa ulimbo, na sasa huwaongoza wageni wanaokuja kuwatazama ndege wale wale. Nilipomwamkia, “Shikamoo, mzee,” aliitikia, “Marahaba, mwalimu,” akanipa darubini yake, na mara akanikataza kusema.

Alfajiri ile nilijifunza kwamba nilikuwa nimeishi miaka yote karibu na msitu bila kuusikia. Kwanza walipita hondohondo, na mabawa yao yakavuma kama mivuo ya mhunzi. Halafu mzee akanionyesha chozi mdogo mwenye kichwa cha kijani kilichokoza na tumbo jeupe, aitwaye kwa jina la Amani. Kisha tukangoja karibu saa nzima mbele ya kichaka cha mitambaazi, mpaka akatoka ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu, asiye na uzuri wowote wa kumshangaza mtu.

Mzee akanong’ona, “Huyu, watu hutoka Ulaya kuja kumwona.”

Nikauliza, “Kwa nini, naye ni mdogo hivi?”

Akasema, “Kwa sababu hayuko kwao, na kwetu pia ni haba.”

Ndege huyu ni wa jamaa ya wale wanaoshona majani kufanya kiota. Alitangazwa kwa wataalamu mwaka 1931, na jina lake la kitaalamu lina jina la Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani toka mwaka 1928 hata 1946, akaandika habari nyingi za ndege wa nchi hii. Lakini mzee aliniambia nisisahau kwamba Moreau hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na wasaidizi Waafrika, na mmoja wao, Salimu Asmani, alikuwa stadi kabisa wa kuwatafuta ndege. Mzee akasema, “Wasomi huandika, lakini lazima awepo wa kuonyesha.” Neno hilo nililitia moyoni, maana sisi walimu hupenda kudhani kwamba elimu hutoka kitabuni kwenda kijijini, wala hairudi.

Usiku tulitoka tena kwa tochi. Mzee alitaka kunionyesha bundi. Nami sikumwambia habari za ghala. Tukashuka katika msitu wa chini, tukakaa juu ya gogo, tukazima taa. Muda si mrefu ikasikika sauti ndogo, tuk, tuk, tuk, ya namna moja, kama mtu agongaye mlango akijua kwamba hatafunguliwa upesi. Mzee akanyanyua tochi polepole, nami nikaona juu ya tawi bundi mdogo ajabu, urefu wake haupiti shibiri, masikio yake ya manyoya yamesimama, akitutazama kwa macho ya manjano.

Bundi huyu alijulikana kwa wataalamu mwaka 1966, baada ya kupatikana katika msitu wa Sokoke, pwani ya Kenya, karibu na Malindi. Walidhani hayuko mahali pengine duniani, hata mwaka 1992 akaonekana katika misitu hii ya chini ya Usambara Mashariki. Uzito wake ni kama gramu 50 tu. Chakula chake ni wadudu. Nikajisemea moyoni, kumbe na huyu angalitua juu ya paa la mtu, tungalimchoma!

Hapo nikashindwa kuzuia, nikamweleza mzee habari yote: mtoto, wazee wanne, ngazi, mafuta ya taa. Akasikiliza mpaka mwisho, wala hakunilaumu. Akaniuliza, “Mwalimu, bundi wale walilia usiku ule mmoja tu?”

Nikafikiri, nikasema, “La. Walilia kila usiku.”

“Na usiku mwingine nani aliwasikia?”

“Labda mimi. Wengine walikuwa wamelala.”

Akasema, “Ndiyo hayo. Nyumba ya mgonjwa hailali. Taa inawaka, wadudu wanaifuata. Uji wa mgonjwa unamwagika, panya wanaufuata. Bundi anawafuata panya. Naye mama amekaa macho, anasikia kila kitu, hata jani likianguka. Bundi hulia kila usiku, mwanangu. Wanaomsikia ni wale wasiolala.”

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya bundi kabla ya siku ile na baada yake. Nimejua kwamba sikio moja la bundi mweupe liko juu kidogo kuliko la pili, ndiyo sababu aweza kumkamata panya gizani kwa kusikia tu. Na kwamba ncha za manyoya ya bawa lake ni laini kama ukingo wa shali, ndiyo sababu hasikiki akiruka. Lakini jambo lile la nyumba isiyolala sikulikuta kitabuni.

Niliporudi nilikuwa nimehamia shule nyingine, na hapo palikuwa na mvule wa zamani wenye tundu, bundi weupe wakikaa ndani yake. Nikawachukua wanafunzi mpaka chini ya mti. Bundi humeza panya mzima, na manyoya na mifupa isiyosagika tumboni huitapika kwa kitonge kimoja cheusi, ukubwa wake kama kidole gumba. Tukaviokota vitonge, tukaviloweka katika maji ya uvuguvugu, tukavichambua kwa miiba ya mchungwa. Kila kitonge kilikuwa na fuvu la panya. Kingine kilikuwa na mafuvu matatu. Mvulana mmoja alichambua vyake vyote kwa bidii, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyedanganywa, “Mwalimu, sikuona hirizi.” Darasa zima likacheka, naye akacheka pia. Baada ya hapo niliwaeleza habari za tauni iliyozuka upande wa Lushoto mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara kwa miaka zaidi ya ishirini, ikienezwa na viroboto wa panya. Wakaenda kwao wakasimulia.

Nalidhani nimekwisha kulipa deni langu. Lakini deni la namna hii hudaiwa nyumbani, si darasani.

Mwaka 2022 mama yangu aliugua moyo, akaletwa kukaa kwangu. Daktari alikwisha kutuambia tusitumaini mengi. Usiku wa pili bundi wa mvule akatua juu ya paa langu, akalia. Asubuhi vijana wakaja na manati, kwa upendo kabisa, kunisaidia. Dada yangu mkubwa akanivuta kando, akasema huku akilia, “Mdogo wangu, nakusihi, waache wampige. Kama si kitu, tutakuwa tumepoteza nini? Na kama ni kitu, tutakuwa tumempata mama.”

Wasomaji, wazee wanne wa mwaka 2009 hawakuwa wazito kama maneno hayo ya dada yangu. Kwa maana gani mtu amkatalie dada yake ndege mmoja? Nilitaka kukubali. Lakini nikamkumbuka mtoto yule wa darasa la tatu, na wale waliochambua vitonge kwa mikono yao, ambao wangalisikia jioni ile ile kwamba mwalimu, ulipofika msiba wake, aliamini kinyume cha alilofundisha. Nikasema, “Dada, sitaki.” Vijana wakaenda zao. Usiku wa tisa mama yangu akafa.

Dada yangu aliniambia neno moja tu makaburini: “Ulimchagua ndege.” Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu mwaka mzima na zaidi. Sikumlaumu. Nilimpenda mama kama alivyompenda yeye, nami katika siku zile tisa nilisikia kila mlio wa bundi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa silali. Hapo nikafahamu kwamba wazee wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye huzuni, waliotafuta kitu kinachoweza kupigwa kwa fimbo, kwa maana homa haipigwi.

Kwa hiyo siandiki haya ili tuwacheke wanaomwogopa bundi. Naandika kwa walimu wenzangu: tusingoje msiba ndipo tuseme. Mwenye huzuni hafundishiki siku ya kuzika, wala si haki kumfundisha siku hiyo. Tuseme mapema, siku ya amani, chini ya mti, na vitonge mkononi. Mimi mwaka 2009 nalikuwa na miezi mingi ya kusema kabla ya mtoto yule kuugua, nikaiacha ikapita.

Baada ya mavuno yaliyopita mjukuu wa dada yangu alikuja kwangu, ametumwa. Alisimama mlangoni, akasema kama alivyoagizwa: “Bibi anakusalimu. Anasema panya wanammalizia mahindi ghalani. Anauliza, bundi wa mvule wana makinda?”

Nikamwambia, “Mwambie Bibi wanayo mawili. Tena mwambie dari la ghala aliache wazi upande wa machweo.”

Mtoto akaenda. Dada mwenyewe hajaja bado. Lakini nimesikia kwamba dari ameliacha wazi.