Breki Inayotaka Kukanyagwa Mara Mbili

Huko Bura ya Taita palikuwa na kijana aliyerithi motokaa ya marehemu baba yake, Peugeot 404 ya mwaka 1965. Motokaa za namna hiyo zilijipatia sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki, kwa maana zilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Kijana aliing'arisha kila Jumamosi, na kila Jumapili akampeleka mama yake kanisani katika misheni ya Bura, iliyoanzishwa mwaka 1892.

Lakini motokaa ilikuwa na ila moja aliyoificha. Pedali ya breki ilikuwa laini kama sifongo. Akiikanyaga mara moja, mguu ulizama. Akiikanyaga mara ya pili, ilishika. Basi akajizoeza kukanyaga mara mbili, akadhani amepata dawa.

Siku moja walikuwa wakishuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, kwenye barabara yenye kona nyingi na mteremko mkali. Akakanyaga mara mbili, kisha mara tatu; pedali ikafika chini kabisa. Kwa bahati aliwahi kuingiza gea ndogo na kuvuta breki ya mkono, motokaa ikaegemea ukingo wa kilima na kusimama. Mama hakusema neno. Alishuka, akachukua kikapu chake cha mboga, akaenda kwa miguu kutafuta basi.

Jioni kijana alimwendea fundi mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Breki hiyo yataka kukanyagwa mara mbili tangu lini?"

Kijana akainama. "Tangu kabla ya Krismasi."

"Basi haikuharibika leo. Leo imechoka kukungoja tu."

Mzee akamweleza kwamba mafuta ya breki hayashindiliki. Mguu ukisukuma, nguvu yote hufika magurudumuni. Hewa hushindilika, na ikiingia ndani ya bomba hula nguvu ya mguu. Tena mafuta hayo hunyonya maji ya hewani mwaka hata mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakiisha kunyonya maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta huchemka na kufanya mvuke, na mvuke hushindilika kama hewa.

Walipofungua magurudumu, waliona raba ya silinda ya gurudumu moja la nyuma imechakaa, na mafuta yamelowesha viatu vya breki. Wakatia raba mpya na viatu vipya, wakamwaga mafuta yote ya zamani.

Kisha wakaanza kutoa hewa, kazi ya watu wawili. Walianza na gurudumu la nyuma la kushoto, lililo mbali kuliko yote na silinda kuu, wakamalizia na lile lililo karibu. Mzee alivika mpira mwembamba juu ya skrubu ya kutolea hewa, ncha yake ikazama katika chupa yenye mafuta.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mzee!"

Skrubu ikafunguliwa, povu likatoka, ikafungwa, ndipo mzee akasema, "Achia!" Mara moja kijana aliachia kabla ya kuambiwa, hewa ikavutwa ndani tena. Mzee hakumkemea, alianza upya. Waliendelea hata povu likaisha, huku wakijaza mafuta juu ili chombo kisikauke.

Jumapili mama alisimama kando ya mlango. "Kanyaga nione," alisema.

Kijana akakanyaga mara moja. Pedali ikasimama imara. Mama akapanda.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye motokaa asijisifu kwamba amejua namna ya kuizoea breki mbovu. Breki njema hukanyagwa mara moja, na abiria hana njia ya kujua hesabu ya mguu wa dereva.