Bilauri ya Avokado Zamboanga

Siku hizi juisi ya avokado yauzwa katika vibanda vingi vya Mombasa, lakini nyumbani kwetu, tulipokuwa wadogo, avokado tuliijua na chumvi yake. Ilikatwa vipande ikachanganywa na kachumbari, ikaliwa kando ya wali. Ndiyo sababu marehemu mama yetu aliporejea kutoka Doha, baada ya miaka tisa ya kupika katika nyumba ya watu, akatuwekea mezani bilauri mbili za avokado kwa maziwa matamu, sisi dada wawili tulitazamana. Tulionja, tukakunja nyuso, tukacheka. Mama hakusema neno. Alizimimina zote mbili katika jagi moja, akalitia ndani ya friji, na tangu siku hiyo hakututengenezea tena.

Mwaka wa pili baada ya kufariki kwake tulifunga safari ya Ufilipino, kumzuru bibi aliyefanya kazi naye katika nyumba ile ya Doha. Bibi huyu hakuacha kutujulia hali kwa simu, na kila Idi alitukaribisha kwao. Tulishuka Manila, kisha tukapanda ndege nyingine hadi Zamboanga, mji ulio kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mindanao. Wakazi wengi wa mji huo ni Wakristo, lakini Waislamu nao ni wengi, na Uislamu katika visiwa vile vya kusini una umri wa karne kadhaa.

Mwenyeji wetu ni Mtausug, na vijana wa mtaani walikuwa wakimwita Babu. Tulistaajabu kusikia mwanamke akiitwa babu, hadi tulipoelezwa kwamba kwa Kitausug neno hilo ni shangazi au khalati. Basi nasi tukamwita Babu, naye akatuita wanangu.

Alitutembeza. Tuliuona msikiti wa Taluksangay, ulioanzishwa mwaka 1885, kuba zake nyekundu zikitazama maji na nyumba za miti zilizosimama juu ya nguzo baharini. Tuliiona pia Ngome ya Pilar, iliyoanza kujengwa na Wahispania mwaka 1635, na mara tukaikumbuka Ngomeni kwetu. Wareno walipoanza kuijenga ngome ya Mombasa mwaka 1593, Ureno ilikuwa chini ya Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania, mfalme yule yule ambaye visiwa vya Ufilipino vilipewa jina lake. Kumbe pwani hizi mbili, zilizo mbali hivi, ziliwahi kuwa na mtawala mmoja asiyeziona kwa macho yake.

Ilikuwa Julai, msimu wa avokado. Sokoni huiita abukado, jina lililotoka kwa Kihispania, kwa kuwa asili ya mti wenyewe ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Babu hakuzibonyeza kwa vidole. Alizitikisa moja moja karibu na sikio, na ile ambayo kokwa lake lilicheza ndani ndiyo aliyoitia kapuni. Kwao avokado ni tunda la utamu kama embe lilivyo kwetu, na wengi hawana desturi ya kuitia chumvi. Kwa kuwa ng'ombe wa maziwa ni wachache katika visiwa vile, maziwa ya kopo yamekuwa ndiyo maziwa ya vinywaji na vitamutamu vyao.

Tulipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Babu aliiweka blenda kando, akachukua bakuli na kijiko. Aliikwangua nyama ya avokado, akaiponda nusunusu, akamimina maziwa mazito matamu ya kopo, kisha maziwa mepesi, akavunjavunja barafu iliyonunuliwa dukani. Alipokuwa akikoroga alizungumza nasi kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu cha jikoni alichojifunza Doha.

Alituambia kwamba kule kazini usiku wa Ijumaa ndio uliokuwa wao. Bibi mwenye nyumba akishalala, wao wawili hukaa sakafuni jikoni na avokado moja waliyochangia kuinunua, kwani ilikuwa ghali, na kopo moja la maziwa. Kila mmoja huwataja watoto wake kwa majina, huku akila kwa kijiko. "Mama yenu," akasema, "kila Ijumaa alikuwa akiniambia, nikirudi nitawaonjesha wanangu."

Tuliinamisha vichwa. Majuto ni mjukuu. Tulidhani mama alituletea mapishi ya ajabu ya ugenini, kumbe alituletea Ijumaa zake zote za miaka tisa, nasi tukazicheka. Tulimweleza Babu ukweli, bila kuficha. Alinyamaza kidogo, kisha akatusukumia bakuli: "Kunyweni, wanangu. Naye alikunja uso siku ya kwanza."

Tulikunywa hadi tone la mwisho. Wakati wa kuagana Babu alisema, "Magsukul," yaani ahsante kwa Kitausug, na ndani ya neno hilo tulisikia shukuru yetu sisi.

Kwa mama atakayependa kujaribu, watu wanne huwatosha avokado mbili kubwa zilizoiva, vikombe viwili vya maziwa baridi, nusu kikombe cha maziwa mazito matamu ya kopo na kikombe kimoja cha barafu. Tangulizeni maziwa katika blenda, kisha avokado, na barafu mwisho. Sageni kwa muda mfupi tu. Asiye na blenda aponde kwa kijiko kama Babu. Kinywaji hiki hakingoji, kwani kikikaa hubadilika rangi, kwa hivyo kitengenezwe wakati wa kunywewa, hata mezani pa futari.

Na watoto wakikunja nyuso, msikiondoe haraka kama alivyofanya mama yetu. Waelezeni kwanza kimetoka wapi na ni nani aliyekileta. Sisi kwetu sasa hukitengeneza kila usiku wa Ijumaa, na kabla ya kuinua bilauri humwombea dua mama yetu, kisha humpigia simu Babu.