Risiti Mbili za Nchi Moja

Ukinikuta Kisoro, Uganda, nimeegesha lori, usidhani napumzika. Nasubiri simu ya kuniambia kama njia ya Bunagana leo inapitika, na nani anatoza nini.

Navuta mizigo kutoka Mombasa hadi mashariki ya Kongo. Mpaka wa Bunagana unashikiliwa na waasi wa M23 tangu Juni 2022. Mpaka wa Kasindi, kaskazini yake, uko chini ya serikali ya Kinshasa. Milango yote miwili ni ya Kivu Kaskazini, na tangu waasi waichukue Goma, Januari 2025, mkoa huo una magavana wawili: mmoja Goma, mwenzake Beni. Sisi madereva tunahesabu risiti tu, ipi ya kutoa na ipi ya kuficha.

Safari moja mteja alishalipa ushuru Bunagana, mapigano yakafunga barabara mbele. Bosi akaagiza nirudi Uganda, nizungukie Kasindi. Kwenye kizuizi kimoja huko ndani askari akapekua kabini, akaiona ile risiti. “Shofere, hii ni karatasi ya waasi.” Ushuru ulilipwa upya, na hilo ni dogo, mwenye mzigo atalipandisha kwenye bei. Mimi na utingo ndio tuliogeuka washukiwa. Simu zilichukuliwa, picha zikakaguliwa moja moja, tukaulizwa tunamjua kamanda gani. Tulilala hapo.

Wanajeshi wa kigeni nao, ukiwafuata utachanganyikiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipeleka kikosi mwishoni mwa 2022, Waganda wakawekwa Bunagana. Kinshasa ikakataa kuwaongezea muda, wakaondoka Desemba 2023. SADC ikaingia, nayo imetoka. Upande wa Beni, Waganda haohao wanapigana na waasi wa ADF tangu Novemba 2021, kwa ridhaa ya Kinshasa. Yaani jeshi moja ni mshirika Kasindi, na huku Bunagana wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanalituhumu kuwasaidia M23. Kampala inakana. Mimi napita kote kuwili na lori lilelile.

Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba wa amani Washington. Julai, Uganda ikafungua tena mpaka wa Bunagana, na aliyekuwa ng'ambo akipokea ushuru ni M23, si Kinshasa.

Ninyi wa Kinshasa na M23 mnaojadili amani Doha, kabla ya kupigwa picha tuambieni jambo moja: risiti ya Bunagana itapokelewa lini Beni?