Babu hakuwa amenuna

Leo naomba tuziweke siasa pembeni kidogo, wandugu. Kuna mtu nina deni naye la kumwomba radhi, na mtu huyo ni babu yangu.

Siku ya mahafali yangu ya chuo kikuu babu alipanda basi toka Kilimanjaro mpaka Dar es Salaam. Nikamwendea na joho langu, furaha tele. Akanipa mkono, akanitazama kwa uso mkavu. Hakutabasamu hata kidogo. Nikajua tu: mzee alitaka nisome sheria, mimi nimekwenda kusomea uandishi wa habari. Nami nikanuna. Kwa miaka mitatu nikawa simpigii simu mpaka bibi anikumbushe.

Dalili nyingine zilikuwepo, ila kila moja tuliipa jina letu. Bibi alilalamika kwamba mzee anarusha mateke na kupiga kelele usingizini. Tukasema ndoto za uzee. Mtori uliungua naye amekaa hapo hapo jikoni, asisikie harufu. Tukasema ana mawazo. Mwandiko wake, mwalimu huyu mstaafu aliyetuchapa kwa ajili ya mwandiko, ukazidi kuwa mdogo kwenye daftari la hesabu za kahawa, mpaka ukafanana na sisimizi, tukasema macho. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka akiwa ameupumzisha pajani, majirani nao wakapata lao. Wengine walisema mbege, wengine wakasema karogwa.

Mwaka jana tukampeleka kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Hakuchukua damu. Alimwambia atembee, agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, kisha akamkunja na kumkunjua kiwiko. Akasema ni Parkinson.

Ndiyo ule wa Muhammad Ali, aliyegundulika nao mwaka 1984 na kufariki 2016. Jina linatokana na daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo zipo seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea vizuri. Seli hizo hufa polepole, na mkono unapoanza kutetemeka nyingi zimeshakwisha. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Umri unachangia, wachache hurithi, na baadhi ya dawa za kuulia wadudu na magugu zinahusishwa nao. Uchawi haumo.

Nikauliza, "Na uso, daktari?"

Akanijibu kwamba misuli ya uso nayo huwa mizito. Mtu anafurahi moyoni, lakini furaha haifiki usoni.

Nilitoka nje nikasimama peke yangu.

Baadaye nikasoma utafiti uliofanyika wilayani Hai, kule kule Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba. Katika watu zaidi ya 161,000 walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Nikajiuliza, wajukuu wangapi walinuna kama mimi?

Ugonjwa huu hauponi. Babu anatumia levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Akiimeza kwa wakati anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Ikichelewa, anaganda mlangoni kama miguu imegundishwa. Tumeambiwa miaka ikienda dawa itakuwa inawahi kuisha nguvu, na kuanguka, kupaliwa na kusahau huenda vikafuata.

Kwa hiyo siku hizi sisomi uso wake, namuuliza. Juzi nilimpelekea gazeti lenye habari yangu ukurasa wa kwanza. Akalisoma taratibu mpaka mwisho, uso ule ule.

"Babu, umefurahi?"

Sauti nayo imepungua, ikabidi niiname. "Sana, mjukuu wangu," akasema. "Hata ile siku ya joho nilifurahi. Ila aya ya tatu umekosea nukta."

Kama una mzee nyumbani ambaye siku hizi "ananuna" bila sababu, mtazame mikono, mwendo na mwandiko, kisha mpeleke hospitali. Usisubiri miaka mitatu kama mimi.