Jina la Profesa Omari

Jumamosi moja mwezi uliopita nilialikwa kwenye harusi ya binti wa jirani yetu, huko Usa River, chini ya Mlima Meru. Chakula kilipokwisha na wazee wakaanza kuaga, kijana wa muziki aliweka "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Waliokuwa wamekwisha kubeba mikoba yao waliirudisha mezani. Mabibi walisimama na kuingia uwanjani. Vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya wimbo huo kurekodiwa waliuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni ofisa wa halmashauri, alikuwa ameketi karibu nami. Akaniuliza: "Mwalimu, hivi wimbo huu ni wa nani?" Meza nzima ilijibu kabla yangu. Mmoja alisema ni wa Wakenya. Mwingine alisema ni wa Issa Juma, kwa kuwa sauti ni yake. Wa tatu alisema wimbo kama huu hauna mwenyewe tena, umekuwa mali ya wote. Nikasema kwamba uliutungwa na Omari Shabani, mpiga gitaa la ridhimu. Pakawa na kimya kifupi, kisha mtu akauliza: "Huyo ni nani?"

Swali hilo limeninyima usingizi, na nitaeleza sababu. Lakini kwanza tulijibu.

Tuanze hapa hapa Arusha. Mwaka 1970 ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, waliokuwa wamepiga muziki katika bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia mjini kwetu na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka kwenda Kenya, na huko wakaunda Simba Wanyika. Sababu ya kuhama haikuwa fumbo. Kenya kulikuwa na kampuni za kurekodi, mitambo ya kuchapa santuri na kumbi zilizompa mwanamuziki kazi ya kila wiki. Kwetu, bendi ilirekodi katika redio ya taifa, Dar es Salaam, na wimbo ukaishi kwa kadiri mtangazaji alivyoupenda.

Novemba 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika walijitenga na kuunda Les Wanyika. Miongoni mwao walikuwamo mpiga besi Tom Malanga na Omari Shabani, ambaye alijulikana kwa jina la Profesa. John Ngereza alijiunga nao na gitaa lake la solo. Mwimbaji aliyezibeba nyimbo zao za mwanzo alikuwa Issa Juma, Mtanzania mwenye sauti ambayo hata leo huhitaji sekunde tatu tu kuitambua. Profesa alitunga "Sina Makosa", Issa Juma akaiimba, na bendi changa ikawa maarufu Afrika Mashariki nzima.

Wakati huo mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa. Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao makuu hapa Arusha ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Nilikuwa mtoto. Namkumbuka baba yangu mdogo akiigeuzageuza redio yake ya betri juu ya ukuta wa zizi, akitafuta upande ambao mlima haukuziba mawimbi ya Nairobi. Viongozi walikuwa wameshindwa kuketi meza moja, lakini gitaa la Profesa lilipita Namanga jioni bila hati ya kusafiria.

Anayeujua muziki wa dansi anaijua kazi ya ridhimu. Gitaa la solo hupanda, huchombeza na kushangiliwa. Besi hushikilia chini. Ridhimu hurudia maneno yake yaleyale kwa dakika nyingi, na msikilizaji haitambui mpaka ikatike, hapo ndipo miguu ya wachezaji hujikwaa. Kwa hiyo mtu aliyetunga wimbo huu alisimama pembeni mara mbili: gitaa lake halikuwa la kushangiliwa, na maneno yake yalitoka kinywani mwa mwingine. Ile "mimi" ya wimbo, inayolalamika kwamba inachukiwa bure, tunaifahamu kwa sauti ya Issa Juma, hali aliyeiwaza alikuwa mpiga ridhimu.

Sisemi haya ili kumpunguza mwimbaji. Maneno yale yangeweza kubaki kwenye karatasi na kufa huko. Issa Juma aliyatia machozi na kiburi kwa wakati mmoja, na baadaye, alipoanzisha Super Wanyika, alithibitisha kwamba hakuwa kivuli cha mtu. Kazi ile ilihitaji watu wawili, na waliokuwapo walilijua hilo. Ni sisi tuliokuja baadaye tuliobakiza mmoja.

Nchini kwetu tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Inamlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wengi tunaijua kwa upande wa fedha: nani alipwe mirabaha, nani amemwibia nani. Upande wa pili wa sheria hiyo hauzungumzwi sana, nao ni haki ya mtungaji kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi. Kumtaja mtu hakuhitaji bajeti wala kamati. Labda ndiyo maana tunakusahau kwa urahisi.

Sasa nieleze kilichoninyima usingizi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, binti wa wakulima wa miteremko ya Meru, alitembea kwa miezi minne kando ya mifereji ya maji ambayo Wameru wameichimba na kuitunza kwa vizazi vingi. Aliwahoji wazee wanaogawa zamu, akachora ramani kwa mkono, akaandika ni nani hupewa maji ya usiku na kwa nini wajane aliowahoji walifikiwa mwisho. Kutokana na kazi hiyo niliandika makala. Nilipanga hoja, nikanyoosha Kiingereza, nikaongeza nadharia. Makala ilichapishwa kwa jina moja, langu. Yeye alitajwa mwishoni katika shukrani, pamoja na dereva na mtu aliyetuazimisha baiskeli.

Alikuja ofisini na nakala mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimeona jina langu kwenye shukrani," alisema. "Asante." Kisha akatoka.

Nilijiambia kwamba ameridhika. Nilijiambia pia kwamba bila mimi kazi yake ingebaki kabatini, na hilo lilikuwa kweli. Ukweli huo ndio ulionifanya nijione sina deni kwa miaka kumi na mmoja. Makala ile ilihesabiwa nilipopandishwa cheo. Mimi ndiye ninayeitwa profesa kwa barua rasmi.

Usiku ule nikirudi kutoka Usa River nilitambua kwamba nilikuwa nimeisahihisha meza nzima kuhusu jina la Omari Shabani kwa fahari ya mtu anayejua, na nyumbani kwangu kuna makala iliyokosa jina. Siku ya tatu yake nilimpigia simu. Sasa ni mwalimu wa sekondari katika wilaya nyingine. Nilimwomba radhi, nikamwambia ninaliandikia jarida ili jina lake liwekwe la kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, nilikwisha kuacha kungoja." Nilimuuliza kama bado anazo ramani alizochora, zile nilizoziacha nje ya makala kwa kuziona si za kitaalamu. Akasema zipo, sandukuni kwa mama yake.

Nawaandikia wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma, kwa hiyo nitasema wazi. Kuna ofisa wa ngazi ya chini aliyekesha akiandaa taarifa iliyosomwa na mkubwa wake mbele ya waziri. Kuna mwanaharakati aliyeandika tamko usiku, na asubuhi likasomwa mbele ya kamera na mwenzake mwenye sauti nzuri. Kuna kazi ya kikundi yenye majina sita iliyofanywa na wawili. Mkubwa anayesoma vizuri anahitajika, na mwenye sauti nzuri pia. Lakini anayesoma bila kumtaja aliyeandika anajifunza taratibu kuamini kwamba aliandika mwenyewe. Najua, kwa sababu niliamini.

Ukiwa na kipaza sauti wiki hii, mtaje aliyekuandikia. Ukiwa uliyeandika, hifadhi rasimu zako na tarehe zake, na usione haya kuuliza jina lako liko wapi. Yule binti hakuuliza kwa sababu nilikuwa mwalimu wake, nami niliutumia unyamavu wake kama saini.

Barua yangu kwa jarida ilitumwa siku kumi na mbili zilizopita. Bado halijajibu. Likijibu, kwa kukubali au kwa kukataa, nitaeleza hapa hapa, na yeye akiridhia, jina lake mtalisoma.