Kidonge cha Wasiwasi: Tusianze Kienyeji, Tusiache Ghafla

Akina mama wenzetu, leo tuzungumze juu ya kidonge ambacho wengi wetu hukificha kwenye pindo la kanga. Ni diazepamu, inayojulikana pia kwa jina la Valium. Ilianza kuuzwa mwaka 1963, na husaidia kweli pale wasiwasi unapomzidi mtu hata asile wala asilale. Lakini sisi wauguzi tunaowatembelea wagonjwa wa usharika tumeona ikileta taabu nyumbani kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuanza kienyeji. Mama halali, jirani anamwonea huruma na kumgawia vidonge vyake vilivyobaki. Jirani hajui kama mwenzake ni mjamzito, au ana ugonjwa wa ini au wa mapafu. Dawa hii hupita katika maziwa ya mama, na mtoto mchanga anaweza kusinzia mno akashindwa kunyonya. Ikichanganywa na pombe, au na dawa kali za maumivu kama mofini na tramadoli, inaweza kuzima pumzi na kuua. Basi tumweleze daktari kila tunachokunywa, hata mitishamba. Tukihisi usingizi tusiendeshe gari, wala tusiinjike sufuria ya maji ya moto. Bibi anayeitumia asaidiwe kwenda msalani usiku, asije akaanguka akavunjika nyonga.

Daktari huiandika kwa muda mfupi, mara nyingi wiki 2 hadi 4, kwa kuwa mwili huizoea upesi. Tukiona haifanyi kazi kama mwanzo, tusijiongezee. Turudi kwake.

Ya pili ni kuacha ghafla, na hii hutupata zaidi sisi watu wa maombi. Tulimuuguza dada mmoja aliyeitumia kila siku kwa miezi mingi. Aliambiwa kwamba mwenye imani hahitaji dawa, akavitupa vidonge vyote chooni. Baada ya siku chache akaanza kutetemeka na kutokwa jasho, usingizi ukamtoroka. Kabla wiki mbili hazijaisha alianguka na kukakamaa kama mwenye kifafa, mbele ya wanawe. Ilibidi arudishiwe dawa, kisha daktari akaipunguza kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Leo haitumii tena.

Imani yake haikuwa haba. Ubongo uliozoea kutulizwa kwa dawa hushtuka ukinyimwa kwa mara moja. Ndiyo maana mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali juu ya hatari hiyo liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za jamii hii.

Tunaoombea wagonjwa, tuchunge ndimi zetu. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Tumwombee mama aliye na wasiwasi, tumsikilize, tumshikie mtoto aende kliniki. Habari ya kupunguza dawa tumwachie daktari.

Nawe dada unayeitumia kwa siri tangu mwaka jana, usivitupe usiku huu. Vifungie mahali watoto hawafiki, na wiki hii nenda ukamwambie daktari ukweli wote. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mmoja wetu akusindikize. Tutakwenda.